Kabla Umpe Mtu Kipande Chako, Skia Hii ya Manila



Kuna swali moja kila kampuni ya kubeti inakuuliza siku ya kwanza: wewe ni nani? Jina, namba ya kipande, mwaka wa kuzaliwa. Wengi wetu tunajaza mbio mbio huku tukilalamika, juu mechi iko karibu kuanza na hatutaki story mingi. Leo nataka tuongee kuhusu hilo swali. Lina historia ndefu, na historia yenyewe ni ya watu waliolikwepa kwa miaka mingi kwa sababu kulikwepa kulikuwa na faida. Ukifika mwisho utaona kwa nini hiyo kadi ndogo kwa wallet yako ina bei kuliko unavyodhani.

Tuanze na kitu rahisi. Kwa nini mwizi apende kasino?

Fikiria msee ana milioni kumi za wizi. Akienda kununua ploti, wakili atauliza. Akiziweka benki, benki itauliza. Lakini kamari ina kitu kimoja ambacho hakuna biashara nyingine iko nacho: ndiyo mahali pekee mtu anaweza kuingia na mia tano, atoke na laki tano, na hakuna atakayeshangaa. "Nimeshinda" ni jibu linaloeleweka. Kwa hivyo unaingia na pesa chafu, unaibadilisha kuwa chipu, unacheza kidogo ndio usionekane, unarudisha chipu dirishani, halafu unatoka na pesa ambayo sasa ina hadithi. Hiyo ndiyo inaitwa kutakatisha pesa, ama kuosha, vile watu husema. Mwenye kuosha hajali hata akipoteza kidogo. Dobi pia hulipwa.

Nevada: miaka kumi na tano ya kutouliza

Jimbo la Nevada, Marekani, liliruhusu kamari mwaka 1931, wakati uchumi umelala kabisa. Las Vegas ikakua, na magenge ya wahalifu yakaingia ndani kama washirika wa siri. Mchezo wao maarufu ulikuwa rahisi sana. Pesa za siku zilihesabiwa kwa chumba cha ndani, na kabla hesabu iandikwe, fungu fulani lilitolewa likaenda kwa wakubwa wa genge. Serikali ilitozwa hadithi, wao wakala ganji.

Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha benki kuripoti mtu yeyote anayeleta au kutoa zaidi ya dola 10,000 pesa taslimu. Poa. Lakini kasino hazikuwekwa. Jiulize hiyo inamaanisha nini: duka linalobeba pesa taslimu usiku kucha halikuwa na huo mzigo, lakini benki iliyo mtaa wa pili ilikuwa nao. Kasino zilikuja kuingizwa kwenye hizo kanuni mwaka 1985. Miaka 15 nzima. Mwaka uliofuata, 1986, ndipo kutakatisha pesa kwenyewe kukawa kosa la jinai Marekani. Kabla ya hapo ungeshtakiwa kwa wizi, kwa dawa za kulevya, ama kwa kukwepa ushuru vile Al Capone alinyakwa, lakini kuosha pesa kama kuosha hakukuwa na jina lake kwa sheria.

Mwaka 1989 mataifa tajiri yakaunda FATF, shirika la kuangalia kama nchi zinazuia pesa chafu. Na hata hilo shirika liliangalia benki kwanza. Kasino ziliwekwa waziwazi kwa mapendekezo yake mwaka 2003: mteja akifanya muamala wa kuanzia dola 3,000, mjue ni nani.

Umeona mtindo? Kila mara kamari inafika mwisho kwa foleni. Si ati watunga sheria hawakujua. Kasino huleta ushuru, kazi na watalii, na hakuna serikali inapenda kumwuliza maswali mtu anayeileta pesa.

Sasa twende Manila, juu hapo ndipo bei ya kutouliza ilionekana na kila mtu.

Manila, Februari 2016

Alhamisi usiku, tarehe 4 Februari 2016. Wezi wa mtandao walikuwa tayari wako ndani ya kompyuta za Benki Kuu ya Bangladesh, mjini Dhaka. Hiyo benki ilikuwa na akaunti kwa benki kuu ya Marekani tawi la New York. Wezi wakatuma amri 35 za malipo, zikijifanya zimetoka Dhaka. Jumla: karibu dola milioni 951. Hiyo si typo, karibu bilioni moja.

Angalia vile walipanga siku. Bangladesh wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Wafanyakazi wa Dhaka walipofika wakapata printa inayochapisha ujumbe wa malipo haifanyi kazi, wakadhani ni hitilafu ya kawaida. Walipogundua Jumamosi kwamba kuna mambo, New York nayo imefunga, juu kwao wikendi ni Jumamosi na Jumapili. Na Jumatatu tarehe 8 Februari, Ufilipino ilikuwa likizo ya mwaka mpya wa Kichina. Siku nne za giza, zimepangwa kama ratiba ya mabasi.

Amri 30 kati ya zile 35 zilikwama New York. Sababu moja ni ya kuchekesha: tawi la benki lililokuwa lipokee pesa lilikuwa Jupiter Street, Makati, na neno "Jupiter" lilikuwa pia kwenye orodha ya vikwazo vya Marekani kwa sababu nyingine kabisa. Kompyuta ikashtuka. Malipo mengine ya dola milioni 20 yalifika njia ya Sri Lanka, lakini mtu alikosea tahajia ya neno "Foundation" akaandika "Fandation". Benki moja ya katikati ikauliza, pesa ikarudi.

Zilizobaki, dola milioni 81, zilipita zikaingia kwa akaunti nne za benki ya RCBC huko Jupiter Street. Hizo akaunti zilifunguliwa Mei 2015, kila moja ikiwekwa dola 500, halafu zikakaa kimya miezi tisa. Vitambulisho vilivyotumika vilikuwa bandia. Wenye majina hayo hawakuwepo. Na akaunti nyingine ambayo sehemu ya pesa ilipitia ilikuwa kwa jina la mfanyabiashara halisi, ambaye alisema sahihi yake ilighushiwa na hakuwahi kuifungua.

Jumanne tarehe 9, Dhaka ilikuwa imeshatuma ujumbe wa kuomba pesa izuiwe. Siku hiyo hiyo pesa bado ilitolewa. Ikapitia kampuni ya kubadilisha fedha, ikawa peso, halafu ikaenda wapi?

Kasino. Karibu dola milioni 29 zikaelekea Solaire, kasino kubwa ya Manila. Karibu milioni 21 zikaenda kwa kampuni ya mtu anayeendesha michezo ya wageni wa VIP. Nyingine zilibebwa taslimu. Vikundi vya wachezaji vikakaa kwa vyumba vya faragha wakicheza bakarati, mchezo wa karata ambao kasino hula asilimia ndogo sana kwa kila mzunguko. Ukiwa na subira na watu wa kutosha mezani, pesa nyingi unayoingiza unatoka nayo. Na kila ukibadilisha pesa kuwa chipu, na chipu kuwa pesa, uzi unakatika.

Wachunguzi walipofika kwa mlango wa kasino wakagonga ukuta. Sheria ya Ufilipino ya kuzuia utakatishaji wa pesa ilitungwa 2001. Kasino hazikuwemo. Ikarekebishwa 2013, na hapo mjadala ulikuwepo kabisa wa kuziweka, lakini zikaachwa nje, hoja moja ikiwa kwamba biashara ndiyo inakua na sheria ingefukuza wachezaji wakubwa. Kwa hivyo 2016 kasino haikuwa na wajibu kwa sheria hiyo wa kuripoti kwamba watu wameingia na mamilioni ya dola. Kusema ukweli, hao wezi walisoma sheria kuliko wabunge. Hawakuenda Manila kwa sababu ya hali ya hewa.

Julai 2017 Ufilipino ikapitisha sheria mpya, kasino zikawekwa, na muamala wa taslimu wa zaidi ya peso milioni 5 lazima uripotiwe. Mwaka mmoja na nusu baada ya pesa kwenda. Kati ya zile milioni 81, karibu milioni 15 zilirudishwa na yule mwendeshaji wa michezo ya VIP. Nyingi hazikuonekana tena. Na kumbuka hiyo haikuwa pesa ya tajiri fulani. Ilikuwa akiba ya taifa la Bangladesh.

Marekani ilimshtaki raia mmoja wa Korea Kaskazini mwaka 2018 kwa kushiriki udukuzi huo. Yeye hakuwa mahakamani. Aliyesimama mahakamani Manila ni meneja wa lile tawi la Jupiter Street. Januari 2019 alipatikana na hatia ya makosa manane ya kutakatisha pesa, akahukumiwa miaka 32 hadi 56 na faini ya zaidi ya dola milioni 100. Alijitetea kwamba ametolewa kafara. Sitaki kumtetea, mahakama ilisema ilichosema. Lakini shika hiyo picha kichwani: aliyepanga yuko mbali, aliyeweka sahihi yuko kizimbani. Tutairudia.

Vancouver: fomu zilijazwa, pesa ikapita

Sasa mtu atasema, sawa, basi weka sheria na mambo yaishe. Hapana. Kuna Vancouver, Kanada.

Kule kasino zilikuwa chini ya sheria tayari. Zilikuwa zinaandika ripoti. Na bado, kwa miaka, watu waliingia kwa kasino za jimbo la British Columbia wakiwa na mabegi ya aina ile ya kubebea vifaa vya hoki, yamejaa noti za dola ishirini zimefungwa na raba. Nani hubeba akiba yake halali kwa noti ndogo ndogo ndani ya begi la michezo? Pesa ilihesabiwa, fomu ikajazwa, ripoti ikatumwa, mchezo ukaendelea. Kila mtu alifanya kazi yake kwa karatasi na hakuna aliyesema "hii hatupokei".

Mabadiliko yalikuja Januari 2018, kwa kanuni moja ndogo: ukileta dola 10,000 au zaidi, onyesha ulizitoa wapi. Karatasi ya benki, risiti, kitu. Mabegi yakapungua sana. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake 2022 ilieleza vile serikali na wasimamizi waliachia hiyo kitu iendelee miaka mingi wakijua.

Hapo ndipo mimi naona fundisho kubwa. Kuna tofauti kati ya kuandika na kuuliza. Na shida iko wazi: kazi ya kuuliza pesa imetoka wapi tumempa yule yule anayefaidika pesa ikiingia. Ni kama kumwambia mwenye baa apime nani amelewa sana kuuziwa nyingine. Kuna wenye watafanya, lakini wengi wanahitaji mtu amesimama nyuma yao.

Na sisi je?

Sheria yetu ya kamari ilikuwa ya 1966. Jomo Kenyatta ndiye rais, Kenya ina miaka mitatu ya uhuru, na kamari ni kasino, bahati nasibu na farasi. Hiyo sheria ndiyo ilikuwa inasimamia nchi wakati M-Pesa inakuja 2007, na wakati kubeti kwa simu kunalipuka kuanzia karibu 2014. Ilikaa hadi Agosti 2025, rais alipotia sahihi sheria mpya ya kudhibiti kamari. Miaka 59. Sheria iliyoandikwa kabla nyumba nyingi ziwe hata na TV ilikuwa inajaribu kumsimamia msee anabeti akiwa kwa matatu.

Upande wa pesa chafu, tulikuwa mbele kidogo kuliko Ufilipino. Sheria yetu ya 2009 ilitaja kasino, hata zile za intaneti, na ikaunda kituo cha kupokea ripoti za miamala ya kutiliwa shaka. Na anayeripoti hatakiwi kumwambia anayeripotiwa. Kwa karatasi, tuko fiti. Lakini tumeshaona kule Vancouver karatasi pekee hufanya nini.

Mwaka 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, na namba zao za malipo zikafungwa. Mnakumbuka kelele yake. Tulibishana kuhusu ushuru, kuhusu watoto kuzama kwa kubeti, na kuhusu Gor na Leopards kupoteza mdhamini. Yote ni maneno ya maana. Lile swali la Manila, pesa inayozunguka humu imetoka wapi, lilisikika kwa sauti ya chini sana mtaani. Februari 2024 FATF ikaiweka Kenya kwa orodha yake ya kijivu, yaani nchi ambazo mfumo wao wa kuzuia pesa chafu una mapengo na unafuatiliwa kwa karibu. Ukifanya kazi za mtandaoni na unalipwa kutoka nje, hiyo orodha inakuhusu, juu pesa yenye inaingia Kenya inaangaliwa mara mbili.

Sasa sikiliza, hapa ndipo historia inageuka.

Noti ya dola ndani ya begi haina jina. Ndiyo maana Vegas na Vancouver zilipendwa. Lakini pesa ya simu ina jina. Kila inapopita inaacha alama: laini, kipande, saa, kiasi. Kwa mwizi hiyo ni shida kubwa. Hawezi tena kutafuta mahali ambapo swali haliulizwi, kwa sababu simu inauliza yenyewe. Kilichobaki ni kutafuta mtu wa kulijibu kwa niaba yake.

Huyo mtu ni wewe.

"Buda, nisaidie tu na kipande chako nifungue akaunti ya kubeti, yangu imefungwa. Kila wiki nakuachia soo tano." Ama: "Kuna pesa itaingia kwa laini yako, toa, baki na thao moja, nitumie iliyobaki." Inakuja kama mchongo. Inakuja kutoka kwa msee mnajuana, wakati rent imefika na huna kitu, na hakuna mahali imeandikwa "uhalifu". Lakini zile akaunti nne za Jupiter Street zilikuwa nini? Majina. Majina manne na dola 500, zikingoja miezi tisa. Wezi wenye uwezo wa kuingia benki kuu ya nchi bado walihitaji majina kwa karatasi, na pale Manila iliwabidi waghushi. Hapa wanauziwa yenye ni halisi, kwa bei ya chipo na kuku.

Na sheria yetu ya 2009 haichezi. Kutakatisha pesa ni hadi miaka 14 jela, ama faini hadi milioni tano au thamani ya mali yenyewe, ikiwa kubwa zaidi, ama vyote viwili. Na haiulizi tu kama ulijua. Inauliza pia kama ulipaswa kujua. Mtu akikulipa pesa ya bure kila wiki kwa kutumia jina lako, ni vigumu kumwambia hakimu hukuona chochote cha kushangaza.

Niko na malalamishi pia, si ati natetea wakubwa. Inaniudhi kwamba kijana wa mbao anaulizwa kipande na selfi, na historia yote niliyoandika hapa juu inaonyesha pesa kubwa hupita kwa chumba cha VIP ikipewa kinywaji. Sheria mpya tuipime hivyo. Tusihesabu ni vijana wangapi wamefungiwa akaunti, tuhesabu ni mabegi mangapi yamekataliwa mlangoni. Kama mdhibiti mpya atakuwa mkali kwa wa chini na mpole kwa wa juu, basi tumeandika 1966 nyingine na wino mpya.

Lakini hiyo vita ya juu itachukua muda. Ya chini unaweza kuimaliza leo kwa neno moja. Ukiitishwa kipande na mtu ambaye ana chake, muulize kwa nini chake hakitoshi. Hilo ndilo swali kasino za Manila hazikulazimishwa kuuliza, na wewe huhitaji bunge likulazimishe.

Mtumie hii yule rafiki yako mwenye ameanza kuwa na laini tatu. Tuonane kwa komenti.